Nesi wa Nchi Gani?

Kijana anayeomba kusomea uchumi au kompyuta nje ya nchi, akishapata chuo na viza, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Anayeomba uuguzi anakuwa ndiyo kwanza anaanza. Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu kumdunga mgonjwa hata sindano moja. Lazima kwanza jina lake liingie kwenye daftari la wauguzi wa nchi fulani, na kila nchi ina daftari lake, masharti yake na lugha yake. Uingereza daftari liko mikononi mwa Nursing and Midwifery Council, maarufu kama NMC. Marekani kila jimbo lina bodi yake. Kenya ni Nursing Council of Kenya, na Tanzania ni Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Ndiyo maana lile swali linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, "nchi gani ni rahisi kupata chuo?", lina kasoro tangu mwanzo. Vyuo vinavyoitaka ada ya mgeni havikosekani. Afadhali mtu ajiulize baada ya miaka mitatu au minne atakuwa nesi wa nchi gani, na ni nani atakayekuwa ametoa fedha za kumfanya nesi. Ukilishika swali hilo, mabango mengi ya mawakala wa vyuo vya nje yanaanguka yenyewe.

Tuanze na uhaba wa nafasi, maana wengi huushangaa. Dunia nzima inalia haina manesi, halafu vyuo vinakataa waombaji. Sababu ni wodi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotawala taaluma hii, Maelekezo namba 36 ya mwaka 2005, inataka mafunzo ya muuguzi yasipungue saa 4,600, na angalau nusu yake yafanyike kwa wagonjwa halisi. Uingereza ilitoka kwenye Umoja lakini ikabaki na saa zile zile: 2,300 darasani, 2,300 kazini. Ujerumani imezigawa 2,100 na 2,500. Mhadhiri wa sheria anaweza kuongezewa wanafunzi 100 ukumbini bila shida kubwa, lakini wodi yenye vitanda 28 na wauguzi wanne wa zamu haiwezi kubeba wanafunzi 15 wa kusimamiwa mmoja mmoja. Kwa hiyo chuo cha uuguzi huhesabu vitanda na wasimamizi kabla ya kuhesabu waombaji, na nafasi hizo hugombewa na wenyeji ambao serikali yao imeshatia mkono mfukoni. Baadhi ya vyuo vya Uingereza havipokei kabisa mwanafunzi wa nje kwenye kozi hii, ingawa kwenye biashara vinampokea kwa zulia jekundu.

Sasa hesabu yenyewe, na Uingereza inafaa kuwa mfano kwa kuwa ndiko wengi wanakotazama kwanza. Ada ya mwanafunzi wa kigeni kwenye shahada ya uuguzi ya miaka mitatu, kwa vyuo vingi, ni kati ya pauni 15,000 na 25,000 kwa mwaka, na vyuo vyenye jina vya London hupita hapo. Mwingereza anayekaa naye dawati moja anatozwa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26, anakopeshwa zote, na juu yake mfuko wa huduma ya afya ya taifa humpa ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka asizozirudisha. Mgeni haipati. Mgeni hulipa pia tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, zote kwa mkupuo kabla ya kuondoka. Kisha aonyeshe fedha za kujikimu: kwa anayekwenda nje ya London, pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani pauni 10,539, na ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka.

Hizo siku 28 ndizo zinazozaa biashara ya kukodisha salio. Mtu anakuwekea fedha mwezi mmoja, unamlipa riba, anazichukua. Wapo waliopita hivyo. Lakini ofisa wa viza huuliza fedha zilikotoka, na akiona kitita kimeingia ghafla kwenye akaunti iliyokuwa na shilingi elfu arobaini, anauliza kwa ukali zaidi. Anayebainika kuwasilisha nyaraka za udanganyifu anaweza kufungiwa kuingia Uingereza hadi miaka kumi. Kwa kijana wa miaka 19, hiyo ni sehemu nzima ya ujana ambayo angeifanyia kazi huko.

Faraja inayotolewa kila mara ni kwamba "utafanya kazi huku ukisoma". Viza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuzitumia zote. Mwanafunzi wa uuguzi akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo anaingia hospitalini saa kama 37 na nusu kwa wiki, zamu za usiku zikiwemo, na halipwi. Akitoka hapo saa mbili asubuhi, atakwenda kuosha vyombo hotelini saa ngapi? Familia inayompeleka mtoto kwa kutegemea kwamba ada ya mwaka wa pili ataitafuta mwenyewe inamtuma kwenye kuanguka, na huko wodini anayeanguka kwa usingizi anaweza kumdhuru mtu. Shahada ya uuguzi kwa ada kamili, Uingereza, Marekani, Kanada au Australia, ni ya mwenye fedha za miaka yote mkononi au mwenye ufadhili ulioandikwa. Sioni njia ya kulainisha hilo.

Tena Uingereza ina mtego mwingine usiotajwa sana. Huko mtu haombi "uuguzi" kwa ujumla. Anachagua tawi tangu kwenye fomu: wagonjwa watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza. Wakala humshauri achague tawi lenye ushindani mdogo, naye anakubali. Miaka minne baadaye anataka kuhamia Marekani, anakuta bodi za huko zinataka muuguzi wa jumla aliyepita wodi za watu wazima, watoto, uzazi na akili. Ile njia ya mkato ya siku ya kuomba ndiyo inayomfungia mlango.

Ujerumani iko tofauti kabisa, na ndiyo maana Nairobi na Dar es Salaam madarasa ya Kijerumani yamejaa. Huko njia kuu ya kuwa muuguzi haipiti chuo kikuu. Inaitwa Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi ana mkataba wa ajira na hospitali au nyumba ya wazee, anakwenda shule kwa vipindi, na analipwa tangu mwezi wa kwanza. Sheria mpya ya taaluma za uuguzi iliyoanza kutumika 1 Januari 2020 ilifuta karo ya shule hizo na kuunganisha uuguzi wa hospitali, wa watoto na wa wazee kuwa mafunzo ya pamoja. Waajiri wanaofuata mkataba wa sekta ya umma hulipa zaidi ya euro 1,400 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza, kabla ya makato ya bima na pensheni. Baada ya makato na kodi ya chumba hakibaki cha kujengea nyumba kijijini, lakini mtu anakula na anasoma.

Ada hapo, kwa maneno mengine, ni lugha. Ubalozi hudai angalau kiwango cha B1. Shule na waajiri wengi hutaka B2, kiwango kinachofuata. Mtihani wa Goethe-Institut wa viwango hivyo una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inahitaji alama 60 kati ya 100. Unaweza kufaulu tatu ukakwamishwa na kusikiliza, ukairudia hiyo peke yake. Kutoka sifuri hadi B2, kwa mtu anayesoma kila siku, mwaka hupita. Wengine huanza na mwaka wa kujitolea au kuishi na familia ya Kijerumani kama mlezi wa watoto, kisha huomba mafunzo wakiwa huko huko, wakati sikio limeshazoea. Naona hao ndio hufika wakiwa tayari zaidi, kwa sababu Kijerumani cha mtihani hakifanani na cha wodini. Kukabidhiana zamu asubuhi huchukua dakika chache: nani amelala, nani alikataa dawa, nani kavimba miguu, nani asishushwe kitandani bila watu wawili. Nesi mzee wa Bavaria huyasema hayo kwa lahaja ya nyumbani kwake, haraka, akiwa anavaa koti.

Serikali nazo zimeingia. Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia Berlin utiaji saini wa makubaliano ya uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani. Habari zikasambaa kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana idadi yoyote, na masharti ya viza ya watu wenye ujuzi yako pale pale. Ile namba iliendelea kuishi kwenye mabango ya mitaani muda mrefu baada ya kukanushwa.

Yapo mambo mawili ya mkataba wa Ujerumani ambayo mwombaji ayajue kabla ya kuaga. Kipindi cha majaribio ni miezi sita, na ndani yake mwajiri anaweza kuuvunja mkataba. Kibali cha kukaa kimefungwa kwenye mafunzo hayo. Yakikatika bila kosa lake, hupewa hadi miezi sita ya kutafuta nafasi nyingine. Na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya wazee: kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha nepi. Anayeona kazi hiyo iko chini ya hadhi ya cheti chake hatamaliza mwaka.

Finland ilionekana kwa muda kuwa katikati ya njia hizi mbili, kwa kuwa vyuo vyake vya sayansi tumizi hufundisha uuguzi kwa Kiingereza, miaka mitatu na nusu, krediti 210. Tangu 2017 mgeni asiye wa Ulaya analipa ada, na sasa anatakiwa kuonyesha euro 800 kwa kila mwezi wa kujikimu. Kiingereza hicho lakini kinaishia darasani. Mgonjwa wa Tampere anaumwa kwa Kifini, na mwajiri anataka nesi anayesikia anapoumwa.

Finland inakumbukwa zaidi Kenya kwa jambo jingine. Mwaka 2021 Kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, wakaweka fedha kwenye akaunti waliyoelekezwa, kwa sababu mlango ulikuwa wa serikali yao wenyewe. Wengine hawakuondoka kamwe. Waliokwisha fika Finland wakaanza kudaiwa na vyuo ada ambayo nyumbani ilikuwa imeshalipwa. Agosti 2023 wazazi waliandamana Eldoret, na mwezi huo huo viongozi wa zamani wa kaunti walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyohusu zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya, wakayakana. Kinachonigusa katika kisa hiki ni muundo wake: fedha zilipita mkono wa tatu, na mzazi hakuwa na njia ya kujua kama zimefika. Chuo chochote halali kina akaunti yake na hutoa risiti kwa jina la mwanafunzi. Ankara ya wakala huwa na mistari mingi, "usajili", "ufuatiliaji", "uthibitisho wa nafasi", "ada ya ubalozi", na ni vigumu kuona ni mstari upi uliofika kokote.

Kwingine nitapita haraka. Marekani inampa mhitimu mwenye viza ya mwanafunzi miezi 12 tu ya kufanya kazi, kisha aingie kwenye foleni ya kibali cha kudumu ambayo hukaa miaka. Na Warundi tangu Juni 2025, na Watanzania tangu 1 Januari 2026, wamewekewa zuio la viza za wanafunzi. Kanada iliweka ukomo wa vibali vya wanafunzi mwaka 2024, na sasa inataka dola zake 22,895 za kujikimu, mbali na ada. Australia imepandisha ada ya viza peke yake hadi dola 2,000 za huko, zisizorudishwa ukikataliwa. India ni nafuu na ina vyuo vingi, hasa Bengaluru, lakini mgonjwa anaongea Kikannada na mhitimu wa kigeni hatarajii ajira huko. Oman na nchi nyingine za Ghuba ni za kwendea na leseni na uzoefu mkononi, wala hazijawa mahali pa kwenda kusomea.

Sasa njia ambayo mawakala hawaitangazi kwa sababu haina kamisheni: kusoma nyumbani, kusajiliwa nyumbani, halafu kuomba usajili wa nje. Stashahada ya miaka mitatu kwenye vyuo vya KMTC vya Kenya, au Tanzania kwenye vyuo vya afya vya mikoani, au shahada Muhimbili, KCMC au Bugando, gharama yake haikaribii hata mwaka mmoja wa ada ya Uingereza. Mwenye leseni ya nyumbani huomba NMC kwa mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo wa vituo kumi anaoufanyia Uingereza, na akipata kazi kwenye hospitali ya umma mshahara wa kuanzia, kwa 2025/26, ni pauni 31,049 kwa mwaka. Anafika akiwa mfanyakazi, hana deni la ada.

Njia hii nayo ina miiba. Wa kwanza ni Kiingereza, na huu unauma kwa namna ya pekee. NMC hutaka IELTS 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika, hata kwa mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Mwaka 2021, baada ya Kenya na Uingereza kukubaliana kuhusu kupeleka wauguzi, Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa lugha, waliofaulu walikuwa 10. Wengi walicheka. Mimi naona ni dalili ya mtihani wenye mtindo wake, ambao mtu asipoufanyia mazoezi hata Kiingereza kizuri hakimwokoi.

Mwiba wa pili ni orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo, Kenya haimo. Hospitali za Uingereza haziruhusiwi kwenda kuwinda wauguzi kwenye nchi zilizomo, ingawa muuguzi akiomba mwenyewe moja kwa moja hakatazwi. Hapa hutokea mjadala wa uzalendo, na mara nyingi lawama humwangukia asiyestahili. Tanzania ina zahanati zenye nesi mmoja, na wakati huo huo ina wahitimu wa uuguzi wanaojitolea hospitalini bila mshahara wakisubiri tangazo la ajira. Kijana ambaye serikali yake haijamwajiri hajalitoroka taifa. Mwiba wa tatu ni subira: ajira za wageni Uingereza zimepungua tangu 2024, na uzoefu wa kazi, ambao ndio hasa unaouzwa, hupatikana kwa kuajiriwa kwanza.

Anayebaki na nia ya kuomba chuo nje, basi faili lake lisomwe kwa macho ya anayelipokea. Jina ni la kwanza. Asha Juma Omari kwenye cheti cha kuzaliwa, Asha J. Omary kwenye cheti cha mtihani cha NECTA na Asha Juma kwenye pasipoti ni watu watatu mbele ya ofisa wa viza, na kiapo cha kuyaoanisha kifanyike kabla, si wiki ya usaili. Kisha cheti cha polisi, kipimo cha kifua kikuu, chanjo ya homa ya ini.

Halafu barua ya nia. Nyingi huanza na kupenda kusaidia watu tangu utotoni, na msomaji ameshasoma sentensi hiyo mara 40 tangu asubuhi. Sentensi inayomsimamisha ni kama hii: "Bibi alipopooza upande wa kulia, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia." Humo mna muda, mwili, sababu ya kitabibu na mtu aliyechoka. Kwenye usaili maswali hufuata mkondo huo huo: mgonjwa amekataa kuguswa na wewe kwa rangi yako, utafanya nini; au mwenzako amekosea dozi na anakuomba unyamaze. Aliyewahi kukaa zahanati hata miezi michache, akifagia na kupanga mafaili, hujibu bila kukariri.

Limebaki la kurudi, ambalo siku ya kuomba hakuna anayelifikiria. Shahada ya nje hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha Baraza huangalia mafunzo yalikuwa na nini ndani yake. Kwetu nesi na mkunga kwa kawaida ni mtu mmoja: stashahada ya Kenya inajumuisha ukunga, na ya Tanzania inaitwa hivyo hivyo, uuguzi na ukunga. Ulaya kwingi hizo ni taaluma mbili zenye mafunzo tofauti. Aliyefuzu Ujerumani kwa alama za juu, mwenye miaka mitano ya wodi ya moyo, akirudi kufanya kazi kwenye zahanati ya wilayani atamkuta mama wa uchungu mlangoni usiku wa kwanza, na hajawahi kuzalisha hata mmoja.